Kitabu Kilichoingia Duarani

Sura ya Nne

Kipande cha mti kilikuwa juu ya meza ya Mkaguzi Violeth Marwa, kimelazwa kwenye kitambaa cheupe chenye maua mekundu ya kudarizi, kama mtoto mchanga anayesubiri kubatizwa. Mbele ya meza walikaa wanawake wawili kwenye benchi moja, na katikati yao waliacha nafasi ya kutosha mtu wa tatu, tena mnene.

"Nani aanze?" aliuliza Violeth.

"Aanze aliyeiba," alisema Jenifa.

"Basi anza," alisema Martina.

Violeth aliweka kalamu chini. Alikuwa mkaguzi wa polisi wa kata hapo Rwamgasa, mwanamke wa Tarime, mrefu, mwenye sauti ambayo hakulazimika kuipandisha. Kesi zake za kila siku alizizoea: huyu kachimba akatokea upande wa mwenzake, yule kaazima pikipiki akafika nayo Katoro. Kesi ya kitabu hakuwahi kuipata.

"Naanza mimi," alisema. "Nikikosea mnirekebishe. Kitabu ni cha Bibi Febronia."

"Chake gete, chake kabisa," walisema wote wawili kwa pamoja, halafu kila mmoja akaangalia upande wake, kaudhika kwamba wamekubaliana.

Kitabu chenyewe kilikuwa mkusanyiko wa hadithi fupi za zamani. Bibi Febronia alikuja nacho kutoka Ushirombo alipoolewa. Jalada lilishatoka siku nyingi, kwa hiyo jina lake hakuna aliyelijua. Watu walisema "kile kitabu" na kila mtu akaelewa ni kipi. Kilitembea nyumba kwa nyumba katika jumuiya yao, kimefungwa kwenye kitambaa hicho chenye maua, na kilikuwa na masharti. Kikifika kwako hukifungui mpaka watu wote wa nyumba wawepo. Anayejua kusoma anasoma, wengine wanasikiliza. Na ukimwambia jirani mwisho wa hadithi kabla zamu yake haijafika, faini ni kuku. Siyo bei ya kuku. Kuku mwenyewe, anayetembea.

"Zamu ilikuwa ya Martina," aliendelea Violeth. "Alipomaliza akakupelekea wewe, Jenifa. Wewe ukakiweka juu ya kabati, hukukifungua."

"Meshack alikuwa Masumbwe, kafuata vipuri," alisema Jenifa. Meshack ni mumewe, fundi wa karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. "Ningefunguaje, baba mwenye nyumba hayupo? Aliporudi tukakaa wote. Kulwa na Doto wameshaoga, chai iko mezani. Meshack akafungua. Afande, mti! Mpaka leo Doto ananiuliza, mama, mti unasomwaje?"

Martina alitaka kucheka, akajikohoza.

"Cheka tu, Mama Kalisti," alisema Jenifa. "Kitabu umekiuza, kwa nini usicheke?"

"Nimekiuza kwa nani? Kitabu hakina hata jalada! Afande, mimi ndiye ninayelia." Martina alivuta ndoo iliyokuwa miguuni pake, akafunua kitambaa. Ndoo ilijaa maandazi mpaka juu. "Haya ni ya leo asubuhi. Angalia, hakuna hata moja lililotoka. George wa genge kasema nachana kile kitabu nafungia maandazi. Tangu aseme, mtu akiniona anavuka barabara. Wanangu wanakula maandazi asubuhi, mchana maandazi, jioni maandazi. Kalisti kaniambia, mama, bora njaa. Na Jumapili jumuiya inakaa. Kisipopatikana, mimi ndiye mwizi, wala hakuna atakayenunua kwangu tena."

Jenifa aliangalia ndoo. Maandazi yalikuwa mazuri, yamevimba vizuri.

Violeth alichukua andazi moja, akaliweka pembeni, akarudi kwenye kipande cha mti. Alikigeuza. Kilikuwa na ukubwa uleule wa kitabu kinene, kimekatwa kwa panga huku na huku. Gome limetolewa. Alikinusa.

"Nyumbani unapikia nini, Mama Kulwa?"

"Mkaa."

"Na wewe?"

"Mkaa. Maandazi kwa kuni yanashika moshi."

"Huu ni mkaratusi," alisema Violeth. "Mbichi bado. Hapa Rwamgasa mkaratusi mbichi unaletwa kwa malori kwa ajili ya kitu kimoja."

"Matimba," alisema Martina taratibu. Zile nguzo za kuzuia kuta za shimo zisianguke, wachimbaji wanaziita matimba.

"Na udongo huu mwekundu kwenye mpasuko hautoki juu ya kabati la mtu." Violeth alinyoosha kitambaa. Pembe moja ilikuwa imechanika kidogo, na pale penye fundo kilibaki na makunyanzi makali. "Nani kachana hapa?"

"Meshack," alisema Jenifa. "Fundo lilikataa kufunguka. Alifungua kwa meno."

"Kwa meno?" Martina aligeuka kabisa kwenye benchi. "Mimi nafunga masikio ya sungura, mtoto anafungua. Kila mtu anajua fundo langu!"

"Sasa mbona hukuliona lile lingine, wewe uliyelileta?"

"Nilikuwa na ndoo kichwani, Mama Kulwa. Si nilikwambia, kichukue mwenyewe humo kikapuni, kiko chini ya magazeti?"

Jenifa alifikiri. "Kweli," alisema. "Nilikitoa mwenyewe."

Ile nafasi katikati ya benchi ilipungua kidogo.

"Siku hiyo ulitoka nyumbani ukapita wapi?" aliuliza Violeth.

"Machimboni, kwenye duara la akina Abel, lile shimo la juu, kama kila siku. Halafu moja kwa moja kwa Mama Kulwa."

"Kikapu ulikiacha?"

"Kinabaki kwenye kibanda chao cha turubai. Mimi nazunguka na ndoo kwenye maduara mengine. Wao mwanamke hasogei kwenye mdomo wa shimo, wanasema dhahabu inakimbia. Kwa hiyo nakaa kibandani, nasubiri wapumzike wanunue. Ndipo nilikuwa nasoma, narudia zile tulizokwisha kuzisoma nyumbani."

"Kimya?"

"Kusoma kimya sijui, Afande. Mimi bila sauti maneno hayaingii."

"Kwa hiyo walikusikia."

"Wale? Wanalala, kofia usoni! Nimewasomea hadithi zote za kitabu, hakuna aliyewahi kufungua jicho." Martina alisita. "Zote isipokuwa ya mwisho. Ile niliisoma nyumbani tu na wanangu, siku moja kabla ya kukipeleka."

Violeth aliokota kalamu, akaiweka tena chini. "Ya mwisho inahusu nini?"

"Kuna seremala. Kuna tajiri bahili, anaogopa wezi. Anamwambia seremala nitengenezee mlango ambao hakuna mtu duniani anayeweza kuufungua. Seremala anafanya kazi, mlango unakwisha. Tajiri anaingia ndani na mali yake, anafunga, paa! Halafu anataka kutoka. Mlango haufunguki. Anapiga kelele, watu wanajaa nje, wanamwita seremala. Seremala anakuja na begi lake la vyombo…"

Martina aliziba mdomo kwa kiganja.

"Enhe?" alisema Violeth.

"Enhe?" alisema Jenifa.

"Kuku," alisema Martina. "Afande unisamehe, siku hizi hata kuku sina."

* * *

Genge la George lilikuwa kwenye kona ya kwenda stendi. George aliuza nyanya, vitunguu, dagaa na habari. Alipomwona mkaguzi anakuja alijifuta mikono.

"Shikamoo Afande. Umekuja kwa ajili ya ule ushahidi."

"Marahaba. Upo?"

Alikuwa nao. Aliutoa kwenye mfuko wa shati, umekunjwa mara nyingi, umelowa mafuta. Akaukunjua mbele ya wateja wake kama mtu anayefungua zawadi. "Andazi nililonunua kwa Mama Kalisti lilikuwa humu. Ukurasa wa kitabu! Nikasema moyoni, George, huu ni ukurasa wa kile kitabu cha bibi."

Violeth aliuinua kwenye jua. Wateja walisogea.

"Kitabu cha Bibi Febronia, karatasi zake zina rangi gani?"

Mama mmoja mwenye kitunguu mkononi ndiye aliyejibu. "Kama chai ya maziwa. Zimezeeka."

"Na hii?"

"Nyeupe," walisema watu.

"Kile kina picha?"

"Hakina hata moja."

"George, hapa kuna picha ya nini?"

George aliinama. "Kama… pamba."

"Na huyu mtu amebeba nini mgongoni?"

"Pampu ya dawa."

"Soma hapo juu."

George aliisoma kwa sauti iliyokuwa inashuka kila neno. Ilikuwa habari ya kupulizia viwavi wa pamba. Yule mama mwenye kitunguu alianza kucheka kabla hajamaliza.

"Uliisoma kabla ya kuwatangazia watu?"

"Kusoma sikusoma, Afande. Niliiona. Niliona maandishi." Akajaribu tena. "Lakini huwezi kujua, labda mle ndani kulikuwa na hadithi ya pamba."

"Hadithi inayokwambia uvae glovu?" alisema yule mama, na genge zima likacheka, mpaka dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita akasimama kuuliza kuna nini.

Violeth aliikunja karatasi akaiweka mfukoni. "Jumapili njoo kwa Bibi Febronia. Maneno uliyoyasema hapa gengeni utayasema na pale, ila mara hii utaanza kwa kusoma."

* * *

Duara la akina Abel lilikuwa upande wa juu wa machimbo, limezungukwa na vichuguu vya kifusi chekundu. Juu ya mdomo wa shimo ilisimama winchi ya mbao, na kando yake rundo la matimba ya mkaratusi yaliyotoka kukatwa. Violeth alitazama rundo lile alipopita.

"Mwangaluka, Afande," alisema Abel. Ndiye msimamizi wa duara, mtu mpana mwenye kofia ngumu ya njano. "Samahani, ishia hapo. Mwanamke hasogei mdomoni."

"Mwangaluka. Mimi sisogei. Nyinyi sogeeni."

Walisogea kibandani: Abel, na Theonest mvuta winchi, kijana mwembamba mwenye mikono kama ya watu wawili. Mwenzao Adam alikuwa chini shimoni. Violeth alikaa kwenye kigogo alichokuwa akikalia Martina.

"Mnajua kuna kitabu kimepotea?"

"Kitabu?" alisema Abel. "Sisi watu wa mawe, Afande. Kitabu tunakijulia wapi?"

"Mama Kalisti alikuwa anasoma hapa."

"Alikuwa anasoma?" Abel alimgeukia Theonest. "Wewe uliwahi kumsikia?"

"Mimi? Mimi nikilala nimelala," alisema Theonest. "Hata ukivunja jiwe kichwani kwangu."

Violeth alitoa kile kipande cha mti na kitambaa. Hakuna aliyeuliza ni nini. Alimpa Theonest vyote viwili.

"Nifungie."

Theonest alifurahi kupata kazi. Akazungusha pembe, akapitisha, akavuta. Violeth alilijaribu fundo kwa vidole. Alivyovuta ndivyo lilivyokaza.

"Fundo hili linaitwaje?"

"La winchi, Afande. Mzigo ukiwa mzito linazidi kushika. Likilegea, mtu anakufa chini."

"Mtu mmoja hapa Rwamgasa amelifungua kwa meno. Lilifungwa kwenye kitambaa hikihiki, juu ya mti huuhuu."

Theonest aliangalia mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Abel alikuwa mwepesi zaidi.

"Maduara yote yanafunga hivyo, Afande. Nenda pale, nenda kule. Na mkaratusi uko kila mahali. Kwa fundo tu, utatukamata Rwamgasa nzima."

"Ni kweli," alisema Violeth. "Kwa fundo sikukamati."

Alilegeza buti moja akakung'uta mchanga. Hakuonyesha haraka. Alitoa kwenye mfuko maandazi aliyoyanunua kwa Martina asubuhi ile, akawagawia, na wao wakapokea, maana kukataa kungeonekana vibaya. Walitafuna. Chini kabisa ya shimo ilisikika nyundo ya Adam inagonga moko, ile patasi ya kupasulia mawe, kwa mbali.

"Nimechoka kuuliza," alisema Violeth. "Acha niwasimulie kitu. Hamkijui, maana nyinyi mlikuwa mmelala. Kulikuwa na seremala."

Taya la Theonest lilisimama.

Violeth aliisimulia vilevile alivyoisikia. Tajiri bahili, mlango usiofunguka, mali ndani, watu nje. Alipofika pale tajiri anapofunga alipiga makofi, paa! Nyundo ya chini ikanyamaza. Kamba ya winchi ikaanza kutikisika. Mtu alikuwa anapanda ngazi za matimba kuja kusikia vizuri.

"Basi seremala akaja na begi lake la vyombo," alisema Violeth. "Akautazama ule mlango alioutengeneza mwenyewe. Akasema, hapa hakuna namna. Akawasha kiberiti akauchoma."

Theonest alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu, mishipa imemtoka shingoni.

"Akauchoma wote," aliendelea Violeth, "mbao zikawaka mpaka…"

"Hakuuchoma!" Theonest alisimama. "Auchome vipi, mbao za mninga? Na mtu yuko ndani? Afande unaiharibu! Seremala alisogea pale mlangoni, akamwambia tajiri hivi, wewe kwanza…"

"Theonest!" alisema Abel.

Theonest alikaa. Andazi lilikuwa limemtoka mkononi likaangukia kwenye vumbi.

Kichwa cha Adam kilitokeza mdomoni mwa duara, taa bado inawaka juu ya kofia. "Nani kasema aliuchoma?" aliuliza. "Mbona nimewasomea vizuri kabisa?"

Abel alivua kofia yake ya njano, akajipepea nayo.

Violeth alizungumza polepole. "Mama Kalisti alisoma hapa hadithi zote, akabakiza moja. Hiyo moja aliisoma kwake. Waliowahi kuipata wanaogopa faini, hata mimi polisi nimenyimwa mwisho wake. Sasa mvuta winchi aliyekuwa amelala anaujua. Abel, nani alitoa kitabu kwenye kikapu?"

"Mimi," alisema Abel. "Kufunga kafunga Theonest, lakini mkono ulioingia kikapuni ni wangu. Usimwandike huyu."

"Kwa nini?"

Abel alikuna ndevu. "Afande, wewe si mtu wa machimbo. Hili duara lilikuwa limekufa. Tumepiga mwamba wiki na wiki, mawe matupu. Yule mama akaanza kusoma. Siku ileile, jioni, duara likatema dhahabu. Kesho akasoma, likatema. Akasoma ile ya mwanamke aliyefuga mamba kisimani, tulivuta viroba mpaka Theonest akalia."

"Nililia kweli," alisema Theonest.

"Mmesema mlikuwa mmelala."

"Utaamkaje, mwanamke anakusomea hadithi na wewe una mke nyumbani? Watu wangesema nini? Tulifunika kofia tukasikiliza." Abel alitazama chini. "Halafu siku hiyo tukamsikia anamwambia mteja, leo kitabu kinakwenda kwa Mama Kulwa. Nikasema, dhahabu yetu hiyo inaondoka. Kile kitabu ndicho dawa."

"Kwa hiyo mkaweka mti."

"Tulidhani wakikuta mti watasema mizimu, yataisha."

Violeth aliitazama ile ndoo ya kuvutia mawe. Ilikuwa tupu, na vumbi lake lilikuwa limekauka. "Tangu mmekichukua, duara limetema?"

Wanaume watatu walitazamana. Ilikuwa kama kumuuliza mtu habari za mchumba aliyemwacha.

"Hata punje," alisema Adam kutoka shimoni. "Nausomea mwamba kila siku. Nasoma na mkono nautingisha. Mwamba umenuna."

"Nikasema kosa ni kwamba tumeiba," alisema Abel. "Nikasema turudishe. Lakini turudisheje? Niende kwa Bibi Febronia, mtu mzima na ndevu zangu, nimwambie nini?"

"Mnajua Mama Kalisti anaitwa mwizi kwa sababu yenu? Mara ya mwisho alikuja hapa na maandazi lini?"

"Tumeshangaa hapiti," alisema Theonest. "Tunakunywa chai tupu."

"Hapiti kwa sababu hanunuliwi. Jumapili wanamtoa kwenye jumuiya."

Abel aliacha kujipepea. Aliiweka kofia magotini.

"Nyinyi mmefanya hesabu, mkakosea sehemu moja," alisema Violeth. "Mama Kalisti akisoma, mnapata. Adam akisoma, hampati. Kitabu ni kilekile. Kilichobadilika ni nini?"

Theonest ndiye aliyeliona kwanza. Alishika kichwa. "Msomaji! Abel, ni msomaji! Tumeiba chombo tumeacha fundi!"

"Sauti ya mwanamke," alisema Abel, kama mtu aliyepigwa. "Na sisi miaka yote tunawafukuza."

"Mimi sijasema hivyo," alisema Violeth. "Dhahabu sijui inapenda nini. Ninachokijua ni kwamba nataka kitabu."

Adam alishuka. Kitabu kilikuwa chini, kimewekwa katikati ya matimba mawili, kimefungwa kwenye nailoni kisilowe. Alikitia kwenye ndoo, akapiga kelele, na Theonest akashika winchi. Mikono ile iliyozoea kuvuta mawe ilizungusha taratibu kama inavuta mayai. Ndoo ilitokeza. Violeth hakusogea, alisubiri Abel amletee kwa mikono miwili. Aligeuza kurasa. Rangi ya chai ya maziwa, zote zipo.

"Unatupeleka kituoni Geita?" aliuliza Abel.

"Jumapili," alisema Violeth, "mtanipeleka nyinyi. Kwa Bibi Febronia. Na kila mmoja ataleta kitu kinachotembea."

* * *

Ua wa Bibi Febronia ulijaa. Sala zilikuwa zimekwisha, na watu walikuwa bado kwenye mikeka wakati wanaume watatu walipoingia na gambuti za kazini, zimesuguliwa, kila mmoja kabeba kuku kwapani. Abel alisema yote mwenyewe, amesimama. Alisema nani aliiba na kwa nini, na kwamba Mama Kalisti hakujua lolote. Alipofika kwenye habari ya kulala na kofia usoni, akina mama waliinama wakashika mbavu.

Bibi Febronia alikuwa mtu mdogo, mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichukua kitabu akakipangusa kwa kanga.

"Mmelisomea jiwe?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Likasemaje?"

"Likanyamaza."

"Halikuipenda hadithi, au Adam husomi vizuri," alisema bibi, na hapo ua mzima ukalipuka. "Kuku wawekeni pale. Kuiba ni vibaya, tena sana. Mmemtesa mtoto wa watu. Ila kitabu kikiibiwa ili kisomwe, mimi siwezi kukasirika mpaka mwisho. Duara lenu sasa ni nyumba kama nyumba nyingine. Mtapata zamu. Mtasomewa na Mama Kalisti, akikubali, na mtakuwa macho."

Macho yote yalimgeukia Martina. Alikuwa kakaa pembeni, ndoo yake mbele yake imefunikwa. Alijibu kama mfanyabiashara.

"Nitasoma. Ila nitakaa kivulini kwenye kiti, siyo kigogo. Na andazi halikopeshwi."

Jenifa ndiye aliyenyanyuka wa kwanza. Alipita katikati ya mikeka, akafunua ndoo bila kuuliza, akachukua andazi, akaling'ata mbele ya watu wote, akatafuna mpaka likaisha. "Nipe na mengine ya Kulwa na Doto," alisema. "Mama Kalisti, mwenzangu, nisamehe. Nilikuwa naumwa na ile hadithi nisiyoisoma." Martina alimshika mkono. Nyuma ya Jenifa alikuja Abel, halafu Theonest, halafu yule mama wa kitunguu. George alikuja wa mwisho, na ile karatasi ya pamba mkononi. Aliisoma yote kwa sauti, mpaka habari ya glovu, kisha akanunua maandazi kwa ajili ya familia yake na ya kaka yake.

Violeth alisubiri msongamano upungue. Alipofika kwenye ndoo, Martina aliiinamisha amwonyeshe. Ndani kulikuwa na mafuta kidogo na chembe za sukari.

"Yameisha, Afande," alisema, na sauti yake ilikuwa inacheka.

"Vizuri," alisema Violeth. Akakaa kwenye benchi kando yake. "Basi nilipe kwa kitu kingine. Seremala alimwambia nini tajiri?"

Martina alimtazama Jenifa, ambaye kitabu kilikuwa tayari magotini pake, kimefungwa kwa masikio ya sungura. Jenifa aliziba masikio. "Mimi sijasoma bado! Msiseme mbele yangu!"

"Wewe zamu yako ni baada ya Mama Kulwa, Afande," alisema Martina. "Bibi kakuandikia nafasi. Lakini unaishi peke yako, utasoma haraka."

Theonest alikuwa amekaa nyuma yao na andazi la tatu. Tangu siku ile ya kibandani alikuwa na sentensi nusu iliyomkwama kooni. Aliinama, akasogeza mdomo karibu kabisa na sikio la mkaguzi.

"Alisema hivi," alinong'ona, "wewe kwanza…"

Chini ya benchi kuku mmoja, miguu imefungwa fundo la winchi, alipiga mabawa. Violeth alimtazama kuku, akamtazama Theonest.

"Kaa chini," alisema. "Huyu ni wa kuiba. Ukimaliza hiyo sentensi, unadaiwa wa pili."